Diski 11 katika sanduku la Mama: kwa nini bado nachoma muziki

 

Nimekaa kimya wiki kadhaa, na baadhi yenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nakusanya vipande vya maktaba yangu ya muziki ambayo niliifuta mwenyewe. Ndiyo, mwenyewe! Mimi ambaye kazi yangu ni kuandika programu, na ambaye kila mara huwahubiria watu hapa kuhusu nakala za akiba.

Leo nitawaeleza ilivyokuwa, kisha niseme maoni yangu. Najua yatawaudhi wapenzi wa mambo mapya, lakini wacha niyaseme: kwa maktaba ya muziki ya nyumbani, ile njia ya kizamani ya kuchoma diski, kuikagua na kuipeleka nyumba nyingine inashinda usawazishaji wa kisasa unaojiendesha wenyewe usiku ukiwa umelala.

Maktaba yenyewe

Marehemu baba yangu alikuwa na redio kaseti, zile kubwa zenye mkono wa kubebea na mabetri sita mgongoni. Kila palipokuwa na harusi au sherehe kule kwetu Nyamira, aliibeba. Babu alikuwa mpigaji wa obokano. Kwa wasioijua, obokano ni zeze letu kubwa lenye nyuzi nane. Lina sauti nzito inayonguruma mpaka unaisikia kifuani kabla ya kuisikia masikioni.

Baba alikuwa na utaratibu mmoja. Kabla ya kuanza kurekodi alitaja siku, mahali na majina ya wapigaji, kama mtangazaji wa redio. Ndipo babu angeanza. Kwa hiyo kila kaseti ina mambo matatu: obokano ya babu, kelele za watu waliokuwapo (wengi wao hawako tena), na sauti ya baba.

Mwaka 2006, miaka miwili baada ya baba kufariki, nilichukua kaseti zake 20 nikaziingiza kwenye kompyuta. Nilitumia waya kutoka tundu la spika za masikioni la redio hadi tundu la buluu nyuma ya kompyuta, na programu ya Audacity. Hakuna njia ya mkato hapo. Kaseti ya dakika 60 inataka dakika 60 za kukaa na kuisikiliza. Nilihifadhi katika WAV bila kubana chochote, na kwa ubora wa CD hiyo ni kama MB 10 kwa kila dakika. Kaseti moja ilinipa karibu MB 600, na zote ishirini karibu GB 12.

Pamoja na hizo kulikuwa na muziki wa kawaida niliounakili kutoka kwa CD na kaseti nilizonunua kwa miaka mingi: benga za Christopher Monyoncho, rumba za Kongo, kwaya za kanisani. Hizo zilikuwa MP3, jumla karibu GB 33. Nilizipanga kwa Winamp, kila wimbo na jina lake, mwimbaji wake na mwaka wake. Kazi ya jioni nyingi sana!

Wakati huo diski ngumu ya kompyuta yangu ilikuwa ya GB 80 na ilikuwa inajaa. Nikaenda mjini Kisii, nikanunua DVD tupu, nikachoma kwa Nero. Kaseti zilichukua DVD tatu, MP3 zikachukua nane. Jumla 11. Ndani ya kila diski niliweka faili ndogo ya maandishi yenye alama za MD5 za nyimbo zote. Nitaeleza maana yake baadaye. Nilimpa Mama azihifadhi, akaziweka katika sanduku lake la vitenge kule Nyamira. Nami nikazisahau kabisa.

Nilivyojifanya mjanja

Miaka ikapita. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa, na intaneti ikaanza kuwa na kasi ya maana hata huku kwetu milimani. Diski ngumu zikawa kubwa na bei ikashuka. Nikahamisha maktaba nzima kwenye kompyuta ya nyumbani kwangu mjini Kisii, nikanunua diski ya nje, na nikaandika amri moja ijiendeshe kila siku saa nane usiku:

robocopy D:\Muziki F:\Muziki /MIR

Robocopy ni programu ya zamani pia, ipo tangu siku za Windows NT, na hadi leo imo ndani ya Windows. Sina ugomvi nayo. Ilifanya nilichoiambia. Hizo herufi tatu za mwisho, /MIR, maana yake ni kioo: hakikisha F inafanana na D kabisa. Kilichoongezwa D kiongezwe F. Na kilichofutwa D, kifutwe F.

Umeona shimo? Mimi sikuliona.

Juu ya hayo nikajiunga na huduma moja ya kuhifadhi faili mtandaoni, inayosawazisha folda yenyewe. Nikasema, haya, sasa nina nakala tatu: ndani ya kompyuta, kwenye diski ya nje na mtandaoni. Nalala usingizi.

Mwaka jana, wiki ya Krismasi, mpwa wangu alikuja kukaa nasi. Kijana mzuri, mwenye adabu. Alitaka kuweka filamu kwenye kompyuta na diski ikamwambia imejaa. Akatafuta cha kufuta. Akaona folda kubwa ya GB 12, jina lake ZAMANI. Ndani yake faili zina majina kama K07A na K07B, na hazifunguki haraka kwa sababu ni kubwa. Kando yake kulikuwa na nyingine iitwayo MP3 ZA ZAMANI. Akafikiri ni takataka za kompyuta ya zamani. Akazifuta zote mbili, akaweka filamu zake.

Usiku ule ule, saa nane, robocopy ikaamka ikafanya kazi yake kwa uaminifu. Kabla ya jua kuchomoza huduma ya mtandaoni nayo ikawa imesawazisha. Nakala zangu tatu zilikuwa kitu kimoja kinachoonekana katika vioo vitatu.

Sikujua lolote hadi Februari, Mama aliponipigia simu. Familia ilikuwa inapanga ibada ya kumkumbuka baba.

"Mwanangu, zile kanda za baba yako bado unazo kwenye kompyuta? Nataka watoto wamsikie akiongea."

Nikamwambia ndiyo Mama, bila shaka. Nikafungua kompyuta. Nadhani wengi wenu mnaujua ule ubaridi unaoanzia tumboni.

Kapu la huduma ya mtandaoni lilikuwa linatunza vilivyofutwa kwa siku 30, na zilikuwa zimepita zaidi ya 50. Nilijaribu programu za kufufua faili, lakini filamu zilikuwa zimeandikwa juu. Nilipata vipande vya sekunde chache chache. Nilipomuuliza mpwa wangu, sauti yake ilikwama. "Anko, iliandikwa zamani..." Ningemgombeza kwa lipi? Jina nililiweka mimi, na /MIR niliiandika mimi.

Sanduku la vitenge

Jumamosi ile nilipanda matatu hadi Nyamira kumweleza Mama ukweli uso kwa uso. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kitu kilichofungwa ndani ya leso. Zilikuwa DVD 11 za mwaka 2006.

"Hizi si zile ulizoniambia nisimpe mtu?"

Kazi ya kwanza ilikuwa kupata kisomeo, kwani laptopu yangu haina sehemu ya diski kama zilivyo nyingi siku hizi. Niliazima cha nje. Kisha nikasoma diski moja moja, na kila faili nikalinganisha alama yake ya MD5 na ile niliyoiandika 2006. Matokeo ni haya:

- Diski 9 zilisomeka zote, kila faili sawasawa na siku nilipoichoma. Karibu miaka ishirini!
- Diski moja ya MP3 ilikataa katika visomeo viwili, ikakubali katika cha tatu, cha kompyuta kuukuu katika duka la rafiki yangu mjini Kisii. Yote ikaokoka.
- Diski ya pili ya kaseti ilikuwa na doa pembeni. Kati ya kaseti saba zilizokuwamo nilipata tano.

Kwa hizo mbili zilizobaki tulirudi kwenye kaseti zenyewe. Moja bado Mama anayo na inacheza. Nyingine iliazimwa na jirani kwa ajili ya mazishi miaka mingi iliyopita na haikurudi. Hiyo imekwenda. Ilikuwa kaseti namba 14, na hakuna nakala yake popote duniani.

Na hapo ndipo moyo wa maoni yangu. Nikipoteza albamu ya rumba, naweza kuinunua tena au kuisikiliza mtandaoni. Lakini obokano ya babu haipo kwenye huduma yoyote ya muziki. Haikuwahi kuuzwa. Muziki mwingi wa Kisii na Nyamira uko hivyo hivyo: kwenye kaseti chini ya kitanda, kwenye simu iliyopasuka kioo, kwenye flashi ya kijana anayepiga muziki harusini. Kwa nyimbo hizo hakuna kampuni itakayokuokoa. Nyumba yako ndiyo makavazi yake, na wewe ndiye mtunzaji, upende usipende.

Usidhani wakubwa wako salama zaidi. Machi 2019 ilijulikana kwamba MySpace, iliyokuwa tovuti kubwa ya wanamuziki duniani, ilipoteza muziki uliopakiwa kwa miaka kama 12 wakati wa kuhamisha seva. Ilikadiriwa ni zaidi ya nyimbo milioni 50. Sehemu ndogo, nyimbo kama 490,000, zilipatikana baadaye na kuwekwa na Internet Archive. Zilipatikana kwa nini? Kwa sababu watafiti fulani walikuwa wamezinakili zamani kwa kazi yao, wakaziweka mahali pengine.

Tuje karibu na kwetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi nyimbo za majirani zetu Wakipsigis. Nakala zikatunzwa Afrika Kusini, katika makavazi ya muziki aliyoyaanzisha mwaka 1954, ambayo sasa yako Chuo Kikuu cha Rhodes. Katika miaka ya 2010 rekodi hizo zililetwa tena Kenya, zikasikilizwa na jamii zilikotoka. Hakukuwa na usawazishaji wowote. Ilikuwa nakala moja, mahali pa mbali, ambayo hakuna aliyeigusa.

Kwa nini ya kizamani inashinda

Nielewe vizuri. Sisemi DVD ni kitu cha milele. Umeona mwenyewe, moja kati ya 11 iliharibika na nyingine ilinibabaisha. Ninachosema ni kwamba DVD ilikuwa na sifa moja ambayo nakala zangu zote za kisasa hazikuwa nayo: haikunisikiliza. Ikishachomwa imechomwa. Mpwa wangu hawezi kuifuta, robocopy haiwezi kuifuta, virusi haviwezi, na mimi mwenyewe nikiwa na usingizi siwezi.

Maktaba ya muziki si kama hati za kazini zinazobadilika kila saa. Wimbo wa mwaka 1987 hautabadilika kesho. Kwa nini basi nakala yake iwe kitu kinachobadilika kila usiku?

Sababu ya pili ni radi. Wenzetu wa Nairobi mnaweza kucheka, lakini anayeishi milima ya Kisii anajua mvua ya alasiri ikija inakuja na nini. Hewa ya unyevu kutoka Ziwa Victoria inakutana na vilima vyetu, na ngurumo hazina likizo. Diski ya nje iliyochomekwa siku zote kwenye kompyuta iliyochomekwa kwenye stima si nakala ya pili. Radi moja inazichukua zote. Diski iliyo ndani ya sanduku Nyamira haina waya.

Sababu ya tatu ni faili wazi. Nero ya 2006 sinayo tena na sikuihitaji. Diski zilifunguka katika kompyuta yoyote kwa sababu ndani yake kulikuwa na WAV na MP3 za kawaida, si kifurushi cha siri kinachofunguliwa na programu moja tu. Nina rafiki aliyenakili CD zake zote wakati huo kwa programu iliyofunga kila wimbo kwa leseni ya kompyuta ile. Alipopiga kompyuta upya, nyimbo zipo lakini hazichezi. Hataza za MP3 zilikwisha mwaka 2017, na leo kila kifaa kinaicheza. Ukuukuu hapa ni nguvu.

Najua kuna atakayesema: huduma nzuri za mtandaoni hutunza matoleo ya zamani, ulichagua vibaya. Ni kweli, na kama unaweza kulipia, lipia. Lakini hiyo ni ahadi inayoendelea mradi unalipa, na mradi mwenye huduma hajabadilisha masharti. Mama hakunitoza kitu.

Mwingine atasema programu za zamani ni hatari. Hapo nakubaliana nawe nusu. Windows XP iliacha kupata marekebisho ya usalama Aprili 2014, kwa hiyo ukiwa na kompyuta kuukuu ya kuchomea diski, usiiunganishe na intaneti. Iache ifanye kazi moja tu. Programu kama ImgBurn haijapata toleo jipya tangu 2013 na bado inachoma vizuri, kwani sheria za kuchoma DVD hazijabadilika.

Ninavyofanya sasa

Haya, kwa wanaotaka kufuata, huu ndio utaratibu wangu mpya, ambao ni ule wa zamani ulioongezwa akili kidogo:

1. Nimeipa kila folda jina linalojieleza. ZAMANI sasa inaitwa OBOKANO YA BABU - USIFUTE. Na K07A imekuwa tarehe, mahali na mpigaji, vile vile kama baba alivyotaja.

2. Nimeondoa /MIR. Natumia robocopy na /E tu, ambayo inanakili folda zote bila kufuta chochote upande wa pili. Faili likibadilika D bado litaandikwa juu ya lile la F, ndiyo sababu hatua ya 4 ipo. Anayetumia Linux ana rsync, ya tangu 1996, asiongeze --delete.

3. Diski ya nje naichomeka siku ya kunakili tu, kisha naichomoa na kuifungia kabatini.

4. Zile zisizo na mbadala, yaani kaseti za baba, nimezichoma upya kwenye DVD, seti mbili. Moja iko kwangu Kisii na moja imerudi kwa Mama. Ziweke zimesimama ndani ya kasha, gizani na pakavu. Unyevu wa kwetu hauna huruma.

5. Kila seti ina orodha ya MD5. MD5 ni kama alama ya kidole ya faili: ikiharibika hata herufi moja ndani yake, alama inabadilika. Kwenye Windows huhitaji kupakua kitu, andika certutil -hashfile jina.wav MD5 na utaiona. Bila orodha hiyo nisingejua kama faili 9 kati ya 10 ziko sawa au zinaonekana tu kuwa sawa.

6. Kila Disemba, tukikutana nyumbani, tunachukua diski moja kutoka sandukuni na kuicheza. Nakala ambayo hujawahi kuifungua ni matumaini tu. Na kila baada ya miaka mitano tutachoma upya, tusingoje ishirini.

Kazi ya hatua ya 6 nimempa mpwa wangu. Sasa anajua kusoma alama za MD5 kuliko vijana wengi wa chuo, na ndiye aliyeandika majina mapya ya faili. Alisikiliza zote, saa kumi na nane na zaidi, akiuliza kila jina ni la nani.

Ibada ilifanyika Machi. Tuliweka spika kubwa uani, si simu, maana spika ya simu haiwezi kutoa ile ngurumo ya obokano. Baba akataja siku, mahali na majina ya wapigaji. Mama alikuwa akitikisa kichwa kila jina likitajwa. Kisha babu akaanza.

Jirani yule wa kaseti namba 14 alikuwapo. Ameahidi kutafuta tena kwenye dari. Sina matumaini makubwa, lakini nimemwachia redio kaseti inayofanya kazi.

Wewe je? Ni nani nyumbani kwenu ana kaseti chini ya kitanda? Wikendi hii mpigie simu, kabla mvua hazijaanza. Tukutane wiki ijayo, tutazungumzia jinsi ya kusafisha kichwa cha redio kaseti kabla ya kurekodi.